Kabla Hujaruhusu Uso Wako Umulikwe

Malalamiko kuhusu mashine za mwanga za "kurudisha ujana wa ngozi" yanaongezeka, na mengi hutufikia sisi wakaguzi yamechelewa: mteja keshaungua, risiti hana, mashine imeshahamishwa. Tunaamini wenye saluni wengi hawana nia mbaya. Wamenunua mashine, muuzaji akawaelekeza kwa muda mfupi, wakaanza kazi.

Mwanga huo haulijui kunyanzi. Unafyonzwa zaidi na melanini, ileile inayotupa weusi wetu, na ukishafyonzwa hugeuka joto. Kwa mtu mweupe mwenye madoa ya uzee, melanini imejaa kwenye doa, basi doa ndilo linaloungua. Kwetu imetanda uso mzima. Mashine za IPL (mwanga mkali unaotolewa kwa mapigo), zinazotoa mwanga mchanganyiko wa takribani nanomita 500 hadi 1,200 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), hazifai kwa ngozi nyeusi sana. Leza, yaani mwale wa wimbi moja tu, ya aina ya Nd:YAG ya nanomita 1,064 hufyonzwa kidogo na melanini, ndiyo maana madaktari wa ngozi huichagua kwa watu weusi, tena kwa kipimo cha chini na baada ya kuijaribu sehemu ndogo iliyojificha. IPL si leza, hata kama bango la saluni limeandika hivyo.

Aliyeunguzwa na IPL hutambulika haraka: mistatili imepangana shavuni, kila mmoja una umbo la kichwa cha mashine. Malengelenge hukauka. Weusi unaobaki unaweza kukaa miezi, na mwenye asili ya keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita jeraha) anaweza kuondoka na kovu la kudumu. Hatari ni kubwa zaidi kwa ngozi iliyochubuliwa kwa mkorogo, kwa hiyo mwambie daktari ukweli hata kama unaona aibu.

Tunajibiwa kila mara kwamba "ni mwanga tu, si eksirei". Leza za daraja la 4, lenye nguvu kubwa kuliko yote, hupofusha, hata kwa mwale uliogonga kioo cha saluni na kurudi. Kufumba macho si kinga. Pia doa jipya, linalokua au kutoa damu halimulikwi kabla ya kuchunguzwa, hasa kwa mwenye ualbino, kwani linaweza kuwa saratani.

Sasa utaratibu, kwa sababu bado watu wanazungushwa ofisi kwa ofisi. Tangu Julai 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilipogeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), vipodozi viko Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Krimu unayopakwa baada ya huduma ipeleke huko. Mashine inayodaiwa kutibu ngozi ni kifaa tiba, na hiyo ni TMDA. Anayejiita daktari lazima awe kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika; una haki ya kuuliza namba yake, na asiyetaka kuitaja usimpe uso wako. Mkaguzi akifika ataomba usajili wa kifaa, kibali cha kukiingiza nchini, kumbukumbu za matengenezo na jina la anayekiendesha. Vikikosekana, kifaa kinaweza kuzuiliwa, mmiliki akapewa hati ya mali iliyoshikiliwa, na shauri likafika mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Kusema "nilikinunua mtandaoni" hakufuti kosa. Wapo wanaokificha kifaa stoo mkaguzi akionekana. Hilo huongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Ukiungua, poza kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Nenda hospitali siku hiyohiyo, uombe maelezo ya jeraha yaandikwe. Piga picha ya jeraha na ya kibandiko kilicho nyuma ya mashine, chenye jina la mtengenezaji, modeli na namba ya mfululizo. Namba hiyo ndiyo inayotuwezesha kufuatilia mashine hata ikihamishiwa mkoa mwingine.