Ukitoa meko ya kuotea moto, dohani (bomba la moshi la tofali) iliyobaki inakaa juu ya nini?

Tanga mjini hakuna anayehitaji moto sebuleni. Lakini panda Lushoto, ile barabara ya makona kutoka Mombo, hadi kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, utakuta nyumba za enzi za ukoloni zenye dohani. Simu zinazonifikia kutoka huko zinafanana: "Mhandisi, tumetoa meko ili sebule ipanuke. Ya juu tumeiacha." Nami huuliza: mmeiacha juu ya nini?

Tupige hesabu. Dohani ya upana wa mita 1 na kina cha sentimita 60, inayopanda mita 3 kutoka darini hadi juu ya paa, ina mita za ujazo 1.8. Ukiondoa tundu la moshi zinabaki kama 1.6. Tofali za kuchoma nazipigia kilo 1,800 kwa mita ya ujazo. Hizo ni karibu tani 3, shehena ya Canter, juu ya makochi.

Mafundi wengi hupitisha mbao mbili za 2x4 darini, wakafunika kwa siling'bodi, kazi ikaisha. Haianguki siku hiyo, na hapo ndipo mtego ulipo. Tofali hushikana kwa muda na ukuta wa nyuma, huku mbao iliyobebeshwa mzigo usiopungua ikizidi kupinda polepole. Pale dohani inapotoka kwenye bati, maji hupenya wakati wa masika, mbao inaoza au mchwa wanaingia. Chokaa ya zamani iliyokula masizi miaka mingi nayo imeshalegea.

Ushauri wangu wa kwanza huwaudhi wenye nyumba: toeni yote. Anzeni juu kabisa, tofali moja moja, zishushwe chini papo hapo, zisirundikwe darini. Kisha zibeni paa. Mara nyingi ni nafuu kuliko chuma, na hakuna mzigo wa kuulizia tena.

Kama lazima ibaki, labda chumba cha pili bado kinaitumia au sura ya nyumba inatakiwa ihifadhiwe, basi ibebwe na bimu ya chuma iliyopigiwa hesabu. Ncha zake zikae kwenye kuta zinazofika kwenye msingi, si kwenye kenchi wala ukuta mwembamba wa kugawa vyumba. Mimi sikubali ncha iingie ukutani chini ya sentimita 15, na chini yake pawe na kitalu cha zege ili uzito usiponde tofali au jiwe moja.

Kabla ya kugusa meko, toboa dohani juu ya mahali utakapokata, pitisha boriti fupi za chuma, uzishikilie kwa propu, yaani nguzo za muda, pande zote mbili. Angalia propu zinasimama wapi! Nyumba nyingi za huko zina sakafu ya mbao yenye uwazi chini. Ng'oa mbao hapo, propu ishuke hadi kwenye ardhi ngumu. Bimu ikishakaa, nafasi kati yake na tofali ishindiliwe mota yenye maji kidogo sana. Ikikomaa, legeza propu kidogo kidogo.

Vile vibano vya pembetatu vinavyofungwa ukutani kwa bolti sivipendi kwenye nyumba hizi. Bolti za juu huvutwa nje, na ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa dhaifu hauna cha kuzishika.

Tena, dohani ya mwisho wa nyumba mara nyingi ndiyo inayoupa nguvu ule ukuta mrefu unaopanda hadi kwenye kilele cha paa. Ukiiondoa, ukuta unabaki peke yake mbele ya upepo. Ufunge kwenye kenchi kwa vyuma bapa kabla hujashuka ngazi.

Na tundu la moshi lisilotumika usilizibe kabisa. Weka kofia ya kuzuia mvua juu na kitundu cha hewa chini, la sivyo unyevu utaleta madoa ya masizi kwenye rangi mpya.