Barabara zinaongezeka, zinazopenya zinapungua

Anayeuliza "hii njia inapenya?" ameshagusa kiini cha muunganiko wa barabara. Jiji likikua, njia huongezeka, lakini nyingi huishia ukutani.

Tazama Dar es Salaam. Kariakoo ilipangwa kwa mitaa inayokatana: mmoja ukiziba, unashika wa pili. Baadaye jiji likafuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, likatanuka kama vidole. Katikati yakabaki mashamba na mabonde, likiwemo la Msimbazi. Mwenye shamba akikata viwanja huacha njia hadi kiwanja chake cha mwisho, basi. Jirani naye hufanya vivyo hivyo kutoka upande wake, na njia hizo mbili hupeana mgongo.

Kipimo chepesi ni kugawanya idadi ya vipande vya barabara kwa idadi ya nukta, yaani makutano pamoja na miisho; kipande ni sehemu kati ya nukta mbili. Jibu likiwa kubwa, barabara zimeungana zaidi. Mitaa 6 ikikatana na mingine 6 hutoa nukta 36 na vipande 60, sawa na 1.67. Nukta hizo hizo zikiungwa kama matawi ya mti zina vipande 35 tu: 0.97. Kuhesabu makutano peke yake hudanganya, maana hata njia isiyopenya huzaa makutano pale inapoanzia.

Pima na mzunguko. Nyumba mbili ziko mita 40 kwa mstari ulionyooka, lakini unatembea mita 300 hadi barabara kubwa, 200 kuifuata, 300 kuingia tena: mara 20 ya mstari huo. Ndiyo maana kupanua barabara kuu peke yake hakumalizi foleni. Hata safari ya mtaa wa pili hulazimika kuipitia.

Ukitumia data za OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, angalia mpaka wa eneo lako: hukata barabara zinazoendelea, zikaonekana zimeishia. Pakua hadi mita 500 nje, kisha hesabu nukta za ndani tu. Barabara yenye tuta la kutenganisha pande mbili huchorwa mara mbili, iunganishe kwanza. Na bila kuhesabu vichochoro, eneo la Dar es Salaam kama Manzese litaonekana limefungwa wakati mtembea kwa miguu anapenya kila upande. Fanya hesabu mbili, ya magari na ya miguu.

Katika kurekebisha, anza na jozi ya miisho yenye mzunguko mkubwa kuliko zote. Kipande kimoja hufuta miisho miwili kwa mpigo, na kabla ukuta haujajengwa gharama yake ni ndogo. Ukishajengwa, unalipa fidia. Pakibaki upana wa mita 2 tu, gari la zimamoto halipiti: iandike njia ya miguu, isiingie kwenye hesabu ya magari.