Nafasi tupu ndani ya oksidi: kwanza uliza iko wapi

Ukisikia oksidi, yaani kiwanja cha oksijeni na elementi nyingine, ina kasoro, usidhani imeharibika. Kasoro kwetu ni atomu iliyokosekana mahali pake au iliyojipenyeza pasipo pake, na mara nyingi ndiyo huamua kama kitu kitashika usumaku. Wengi huuliza kasoro ni ngapi. Mimi huuliza zimekaa wapi.

Chukua magnetiti, oksidi ya chuma, Fe₃O₄. Ioni zake za chuma, yaani atomu zilizopoteza elektroni, ziko makundi mawili: theluthi moja imezungukwa na oksijeni nne nne, zilizobaki sita sita. Oksijeni zilizo katikati huyafunga makundi hayo kwa kinyume, usumaku wa moja ukielekea juu, wa jingine chini. Kundi la kwanza lina Fe³⁺ (chuma kilichopoteza elektroni tatu) yenye elektroni tano zisizo na mwenzi, na kila moja huchangia kipimo kimoja cha usumaku, magnetoni ya Bohr. La pili lina Fe³⁺ nyingine, tano tena, na Fe²⁺ (iliyopoteza mbili) yenye nne. Tisa toa tano, unabaki na magnetoni nne za Bohr kwa kila fomula.

Magnetiti ikioksidika taratibu huwa maghemiti. Fuwele haivunjiki, ila kila Fe²⁺ hugeuka Fe³⁺, na ili chaji zilingane, ioni moja ya chuma kati ya tisa huacha nafasi yake tupu. Nafasi hizo zote ziko kundi la pili, basi usumaku hushuka hadi magnetoni kama 3.3. Sasa zihamishie kundi la kwanza, kwenye karatasi tu: unapata kama 6.7, mara mbili kamili! Idadi ya nafasi tupu ni ileile.

Oksijeni ikitoka mambo huwa mengine, kwani huacha nyuma elektroni mbili. Katika oksidi ya yuropiamu, EuO, usumaku wa kawaida hupotea joto likipita kelvini 69. Punguza oksijeni kidogo, na elektroni zilizoachwa huzunguka zikizipanga ioni za yuropiamu upande mmoja. Kikomo hicho hupanda kupita kelvini 100. Huu ndio mfano ninaouamini zaidi.

Nisiouamini ni ule wa tabaka jembamba la oksidi ya hafniamu, isiyo na ioni yoyote ya sumaku. Mwaka 2004 ilitangazwa kuwa imeshika usumaku, na oksijeni zilizokosekana zikapewa sifa. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha kwamba kushika sampuli kwa kibanio cha chuma kisichopata kutu kunatosha kuleta ishara ya namna hiyohiyo. Tabaka la nanomita chache hutoa ishara ndogo mno, na chembe ya chuma usiyoiona huifunika yote.

Wapo wanaojitetea hivi: tulipasha sampuli ndani ya oksijeni, usumaku ukapungua, tukapasha kwenye ombwe, ukarudi, kwa hiyo ni oksijeni iliyokosekana. Hoja hiyo hainitoshi. Chembe ya chuma nayo ikioksidika hadi hematiti, oksidi nyingine ya chuma, karibu hupoteza usumaku wote, na kwenye ombwe huweza kurudi kuwa magnetiti. Kinachonituliza ni eksirei ambazo uga wake wa umeme huzunguka kulia au kushoto: kila elementi hufyonza kwa nishati yake, hivyo ukilenga nishati ya chuma na tofauti ya ufyonzaji kati ya mizunguko miwili ikajitokeza, mwenye usumaku ni chuma, wala si nafasi tupu.