Mabano ya Terminali Hayatengi Kitu

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu mwenye uzoefu, kwa nini Flask, maktaba ya Python ya kujengea tovuti, "inakataa kuingia" ilhali ameshawasha mazingira pepe (venv, folda inayotenga maktaba za mradi na zile za mfumo) na jina la mazingira hayo linaonekana ndani ya mabano mwanzoni mwa mstari. Amri aliyoandika ilikuwa sudo pip install flask, yaani pip, kisakinishi cha maktaba za Python, ikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, kwenye seva ya Linux ya Debian 12.

Mabano yale ni pambo. Skripti ya activate, ile inayowasha mazingira, hutanguliza folda yake ya bin kwenye PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), huweka VIRTUAL_ENV, hubadilisha maandishi ya mwanzo wa mstari, na haina la maana zaidi ya hayo. Kinachotenga, tangu moduli ya venv ilipoingia katika Python 3.3 mwaka 2012, ni mahali Python inapoitiwa: ile iliyomo ndani ya bin, ambayo katika Linux kwa kawaida ni kiungo tu cha Python ya mfumo, huikuta faili ya pyvenv.cfg kwenye folda iliyo juu yake, na hapo hutambua kwamba maktaba zake zimo katika site-packages ya folda hiyo. Ndiyo maana .venv/bin/python -m pip install flask hufanya kazi kikamilifu bila kuwasha chochote, na ndiyo maana kazi za cron, zinazojiendesha kwa ratiba, hazihitaji activate.

Sudo, kwa upande wake, huiweka kando PATH yako na kutumia ya kwake, kwa hiyo pip iliyoitika ilikuwa ya mfumo, nayo ikakataa, kwa haki kabisa, kwa kosa la externally-managed-environment, yaani Python hiyo inasimamiwa na mfumo, si na pip. Angeandika sudo pip --version angeoneshwa /usr/lib/python3/dist-packages na mjadala ungeishia hapo. Badala yake aliongeza --break-system-packages ("vunja vifurushi vya mfumo"), chaguo ambalo jina lake lenyewe linatangaza uharibifu. Sijui waliolibuni wangelipa jina gani la kutisha zaidi.

Hata hivyo, anayetenga vizuri naye asijione amesalimika. Flask 2.2.2 ilidai Werkzeug, maktaba inayoitegemea, ya toleo la 2.2.2 au zaidi bila kuweka kikomo cha juu, na Werkzeug 3.0 ilipotoka Septemba 2023 bila url_quote, kitendakazi ambacho Flask hiyo ilikihitaji, mazingira mapya, safi, yaliyotengwa barabara, yalianguka kwenye import. Yalisakinisha kilichoombwa. Wala kutenga hakufiki kwenye maktaba za C: psycopg2, maktaba ya kuunganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL, ikijengwa kutoka chanzo bado huitaka libpq, maktaba ya C ya PostgreSQL iliyo kwenye mfumo.

Hapo ndipo ninapoyumba mwenyewe. Mimi hutumia pip freeze, amri inayoorodhesha kila kilichosakinishwa pamoja na toleo lake, lakini orodha yake huchanganya nilivyoviomba na vilivyofuatana navyo, na baada ya miezi sita siwezi kueleza kwa nini itsdangerous, mojawapo ya maktaba zinazokuja na Flask, imo mpaka niulize pip show. Nikibana kila toleo, marekebisho ya usalama hunipita. Nikiyaachia matoleo huru, Werkzeug nyingine hunisubiri. Kwa sasa naandika kwa mkono faili fupi ya nilivyoviomba, naitunza ile ya freeze pembeni yake, na folda ya .venv naifuta na kuijenga upya badala ya kuihamisha, kwa kuwa skripti za bin hubeba njia kamili ya pale zilipozaliwa.