"Varco attivo" si "karibu"
Wengi wanaokodi gari kwenda Florence, Italia, huamini kwamba pasipo askari wala kizuizi, mgeni anaweza kuingia mjini kati kutafuta maegesho. Si ajabu, barabara iko wazi kabisa. Lakini sehemu kubwa ya mji wa kale ni ZTL, eneo la magari yenye kibali, na mlinzi wake ni kamera inayosoma namba ya gari. Tazama kibao cha taa: "varco attivo" maana yake kamera inafanya kazi, usipite. Faini humfuata aliyekodi hadi kwao, pengine miezi kadhaa baadaye.

Ramani ya ZTL hupatikana kwenye tovuti ya manispaa. Nje ya ZTL, angalia mistari ya maegesho: ya buluu hulipiwa, nyeupe kwa kawaida ni bure, ila soma kibao, mingine ni ya wakazi tu.