"Daktari, vuta zaidi": tunayoyasikia kuhusu kukaza uso na shingo

Mteja anasimama mbele ya kioo, anaweka viganja mashavuni, anayavuta kuelekea masikioni, kisha: "Nataka hivi, daktari. Ukivuta zaidi ndiyo itadumu." Nimeisikia hii hadi nimechoka.

Ngozi hainyanyui uso. Ukiibebesha mzigo hunyumbuka, na baada ya miezi kadhaa mashavu yamerudi chini. Kinachobaki ni kovu pana nyuma ya sikio, mdomo uliotanuliwa pembeni, na ndewe iliyovutwa chini ikagandana na shavu. Hata abiria wa siti ya jirani kwenye daladala anajua umefanyiwa.

Mzigo hubebwa na SMAS, lile tabaka lililo chini ya mafuta ya ngozi, ambalo wapasuaji Mitz na Peyronie walilieleza mwaka 1976. Wapo wanaolikunja na kulishona, wapo wanaolikata kipande. Mpasuaji Hamra naye mwaka 1990 alieleza mbinu ya tabaka la kina: unapita chini ya SMAS, unaachia kano zinazoishikilia, unaipandisha pamoja na ngozi yake. Ipi bora? Mabingwa bado wanabishana, na mimi nauamini mkono wa mpasuaji kuliko jina la mbinu. Kwa vyovyote vile, ngozi hulazwa tu mahali pake, ziada ikakatwa, mshono ukafungwa bila kukazwa, hasa pale kwenye ndewe.

"Shingo nifyonze mafuta tu." Kwa kijana ambaye ngozi yake bado inajirudi, sawa. Kama imelegea na mikanda ya platisma, ule msuli mpana wa shingo, imesimama wima, kufyonza kutaianika zaidi. Hapo tunachana chini ya kidevu na kushona kingo za platisma pamoja.

"Nyuzi ni kilekile, bila kisu." Si kweli. Nyuzi za PDO, zinazopenyezwa chini ya ngozi ili kuivuta, huyeyuka ndani ya miezi.

"Weusi hatufanyiwi, tutaota keloidi." Hatari ya keloidi, yaani kovu linalovimba kupita kiasi, kwetu ni kubwa zaidi, ila si marufuku. Kama ulitoboa sikio pakaota uvimbe, sema mapema.

"Sigara moja moja haina neno." Ina neno! Nikotini hubana mishipa midogo, na ngozi iliyoinuliwa haina tegemeo jingine. Nyuma ya sikio hugeuka nyeusi ikafa. Mimi nataka angalau wiki 4 bila sigara, shisha wala vepu, la sivyo sikupangii tarehe.

Na presha usiifanyie mzaha. Damu kuvilia chini ya ngozi ndilo tatizo linaloongoza, huwapata zaidi wanaume na wenye presha, mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza. Shavu moja likivimba ghafla na kuuma kuliko jingine, piga simu usiku huohuo.