Chombo cha mita 840 kinachokaa mezani

Meli kubwa ya angani inayofungua filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ile inayopita juu ya mtazamaji kana kwamba haina mwisho, ilikuwa modeli ya sentimita 91 hivi. Walioiunda walivunja seti za plastiki za vifaru, ndege na manowari, wakabandika vipande vyake mwilini mwa chombo. Jicho likikutana na vitu vidogo vingi vilivyopangwa kwa akili, huamini kwamba kilichovibeba ni kikubwa mno.

Ndiyo maana sikati kitu kabla ya kuamua skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kitu halisi. Chombo cha angani ninachokiunda mezani kwangu sasa hapa Kampala kina mita 1.2, nami nimekipa 1/700, yaani kingekuwa halisi kingefika mita 840. Kwa skeli hiyo mtu mzima ana milimita 2.5 na mlango wake milimita 3. Sasa chukua gurudumu la kifaru cha 1/35, lenye kipenyo cha sentimita 2. Hapa linakuwa kitu cha mita 14! Nalilaza, nalizamisha nusu, nalipitishia waya mwembamba ubavuni, basi ni tangi la mafuta. Likibaki linasomeka kama gurudumu, chombo chote kinageuka kitu cha kuchezea watoto, na hakuna rangi itakayokiokoa.

Seti za kuagiza nje ni ghali, kwa hiyo mabaki yake nayachanganya na plastiki ninayopata kwa mafundi wa kompyuta: gia za printa, matumbo ya kibodi, makasha ya CD. Makasha hayo nayapenda sana. Ni polistireni, plastiki ileile ya seti nyingi za modeli. Ukiichora kwa wembe mara kadhaa na kuikunja pole pole, inakatika kwenye mstari. Ila usiiharakishe, ni rahisi kupasuka.

Usibandike plastiki usiyoijua. Dondoshea tone la thina ya rangi za magari mahali pasipoonekana, subiri kidogo, gusa kwa kijiti. Ikinata, hiyo ni polistireni au ABS, plastiki nyingine ngumu, na gundi ya kuyeyusha itaziunganisha ziwe kitu kimoja. Ikibaki kavu, kama vifuniko vya chupa za soda, iache: supagluu itaishika leo, kesho itabanduka. Fanya haya dirisha likiwa wazi, mvuke wa thina si wa mchezo.

Uti wa mgongo ni bomba la mraba la aluminiamu, mabaki ya mafundi wa madirisha. Usipouweka, chombo kirefu kitapinda chenyewe kwa uzito wake.

Kupanga vipande ndiko kunakotenganisha fundi na mrundikaji. Wanaoanza hujaza kila mahali. Mimi naacha sehemu kubwa za mwili zikiwa tupu, zina mistari ya paneli tu, halafu nakusanya vipande kwenye mitaro, kwenye maungio na kuzunguka injini, mahali ambapo mhandisi angehitaji kufikia mitambo. Kila kipande nakiuliza kazi yake: bomba hili linatoka wapi, linaishia wapi? Lisipokuwa na jibu nalitoa, hata likiwa zuri.

Kisha praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza ya chini. Rangi kumi za plastiki zinakuwa moja, na kila ufa uliojificha unajitokeza. Jaza, piga msasa, puliza tena. Paneli chache nazipa kijivu kilichopishana kidogo tu na chenzake. Rangi ya kung'aa usiiguse, mng'ao unasaliti udogo.

Ukikipiga picha, tumia taa moja kali ya upande mmoja, maana angani hakuna hewa ya kutawanya mwanga wa jua. Ufifi wa nyuma ndio adui: mkia ukififia wakati pua iko wazi, kila mtu atajua ni modeli. Kwenye kamera funga tundu la lenzi hadi f/16, yaani libaki dogo sana, weka stendi, acha mwanga uingie kwa muda mrefu. Kwa simu, rudi nyuma hatua kadhaa kisha kata picha baadaye.